Kutu na Ukweli

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi, kingawa kidonda. Methali hii inatusuta sote, maana ni nadra kumpata mtu asiyevutwa na kitu kinachong'aa. Wala mapenzi hayo si ya leo. Huko Olorgesailie, katika Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara iendayo Magadi, wachimbuzi wa mambo ya kale wameokota vipande vya mawe ya rangi, vyekundu na vyeusi, vilivyokwanguliwa kwa mikono ya watu walioishi yapata miaka 300,000 iliyopita. Habari hiyo ilitangazwa kwa ulimwengu mwaka 2018. Basi kabla ya shamba, kabla ya mifugo, na kabla ya chuma chochote kufuliwa, mwanadamu alikuwa amekwisha kutafuta rangi.

Kwa kuwa twapenda hivyo sura mpya, yafaa tujiulize swali ambalo laonekana dogo, walakini lina mizizi mirefu. Kitu cha kale kikipoteza rangi na mng'aro wake wa kwanza, je, ni haki kukirudishia? Anayekirudishia amekitendea wema, au amekinyang'anya kitu? Na anayekiacha kama kilivyo amekiheshimu, au amekitelekeza?

Tuanze na mfano kutoka mbali, kwa sababu ndani yake ugomvi wenyewe waonekana waziwazi. Katika mji wa Birmingham, Uingereza, kampuni ya Webley & Scott ilianza mwaka 1924 kutengeneza bastola za hewa. Silaha hizo hazitumii baruti. Hurusha kirisasi kidogo kwa nguvu ya hewa iliyobanwa na springi, na kazi yake kubwa ilikuwa mazoezi ya shabaha. Leo bastola za miaka ile ya mwanzo hutafutwa na watu wenye desturi ya kukusanya vitu vya kale. Hawazitafuti ili wapige shabaha, bali kwa sababu ya ufundi wake na umri wake.

Chuma cha bastola hizo hakikupakwa rangi ya kopo. Kilisuguliwa kikawa laini, kisha kikatiwa dawa mpaka uso wake ukawa mweusi wenye kuelekea buluu. Ziko njia kadha wa kadha za kupata weusi wa namna hiyo juu ya chuma, na mojawapo ya zile za kale ni hii: chuma hupakwa dawa ya kukitia kutu nyepesi, kisha huchemshwa katika maji safi, na ile kutu nyekundu hugeuka nyeusi, unga wake ulegeao hupigwa brashi, kazi hiyo hurudiwa mara nyingi, na mwishowe chuma hupakwa mafuta. Msomaji na aangalie ajabu iliyomo. Weusi ule mzuri, fahari ya fundi, nao ni kutu. Kutu nyekundu hula chuma. Kutu nyeusi hushikamana nacho, hushika mafuta, na kukikinga. Adui na mlinzi ni watoto wa baba mmoja na mama mmoja, yaani chuma na oksijeni. Tofauti yao ni malezi.

Sasa tuseme bastola hiyo imeshikwa kwa miaka 90. Mahali pa kiganja weusi umefutika na chuma kimebaki cheupe. Pembeni kutu nyekundu imeingia. Herufi za jina la kiwanda, zilizogongwa siku ya kwanza, bado zasomeka, lakini kingo zake zimelegea. Mwenyewe ataka irudi kama ilivyotoka kiwandani. Hapa ndipo penye fumbo. Weusi mpya haushiki vizuri juu ya uso uliochakaa. Lazima kwanza chuma kisuguliwe kwa tupa na msasa mpaka kiwe laini tena. Na msasa hauna macho. Waondoa kutu, na pamoja nayo waondoa weusi wa kwanza uliosalia, na kingo za herufi, na alama ya kiganja cha kila aliyeishika. Kwa hiyo, ili kurudisha sura ya kwanza, fundi hana budi kuifuta sura ya kwanza iliyosalia. Atakachopata mwisho kitafanana na cha mwaka ule, lakini kitakuwa cha mwaka huu.

Ndiyo sababu wakusanyaji wengi husema kwamba bastola iliyochakaa, yenye nusu ya weusi wake wa asili, ni bora kuliko iliyong'arishwa upya yote, na aghalabu huinunua kwa bei kubwa zaidi. Wengine hawakubali. Husema kwamba fundi wa kwanza hakukusudia kazi yake ionekane kikongwe chenye mabaka, na kwamba kumheshimu ni kuirudisha kazi yake jinsi alivyoitaka. Kila upande una neno la haki. Hatuwezi kuamua kwa kuhesabu nani ni wengi. Yatupasa kutafuta haki yenyewe imesimama wapi. Na kwa kazi hiyo hatuna haja ya kubaki Birmingham. Kajiado ina silaha zake, na hizo zitatufundisha zaidi.

Tazama mkuki wa Mmaasai. Una ubao mrefu wa chuma mbele, mpini mfupi wa mti katikati, na mtalimbo wa chuma nyuma. Kwa desturi ulifuliwa na wahunzi wa Ilkunono, watu waliodharauliwa na wenzao ijapokuwa hakuna morani aliyeweza kwenda mbali bila ya kazi ya mikono yao. Katika zama za karibu wahunzi wengi wamekuwa wakitumia chuma kuukuu, hata springi za magari. Mwenye mkuki huo huusugua, huunoa, na huupaka mafuta. Ukipata kutu, huiondoa siku ile ile. Nani atamlaumu kwa kufuta historia? Hakuna. Mkuki wake ungali kazini. Kazi yake ni kulinda ng'ombe, si kutoa ushahidi. Kila anapounoa anaendeleza maisha yake, kama mtu aogavyo kila asubuhi bila ya kuambiwa kwamba anaficha umri wake.

Hapa twapata nuru ya kwanza: kitu kilicho kazini kina haki ya kufanywa upya. Jembe hunolewa, nyumba hupakwa chokaa, jahazi hupigwa kalafati. Anayekataza hayo kwa jina la ukale anataka watu waishi ndani ya makumbusho.

Lakini tazama ngao. Ngao ya morani ilikuwa ya ngozi ya nyati, nayo ilichorwa kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Michoro hiyo huitwa sirata. Haikuwa pambo tu, ilikuwa maandishi. Mwenye kuifahamu aliweza kuitazama ngao kwa mbali akajua mwenyewe ni wa kundi gani la morani. Na ilikuwako alama maalumu ya ushujaa, ambayo hakuruhusiwa kuichora ila yule aliyeipata kwa tendo lake vitani. Sasa tuseme ngao ya babu imefifia, na mjukuu ataka kuichora upya ili aining'inize ukutani, au aiuze kwa mgeni. Akiichora kama ilivyokuwa, na kusema kwamba ameichora upya, hakuna baya. Lakini mahali fulani rangi imefutika kabisa, na mkono wake wamwambia: tia hapa ile alama ya ushujaa, itapendeza, na bei itapanda. Akiitia, amefanya nini? Hakupaka rangi, amesema uongo. Amempa babu sifa ambayo pengine hakuipata, na katika tendo hilo hilo amewapunguzia wale walioipata kwa damu yao.

Basi sura ya nje ya kitu cha kale yaweza kuwa neno, na neno lina ukweli na uongo. Hii ni nuru ya pili. Anayekarabati kitu kilichokwisha kuacha kazi na kuwa shahidi, hakarabati chuma wala ngozi peke yake. Anashika ulimi wa shahidi. Na sote twajua jina la mtu anayemfundisha shahidi la kusema.

Pengine mtu atauliza: je, kila mabadiliko ni uongo? La, hasha. Karibu na Kitengela iko karakana ya vioo iliyoanzishwa na msanii Nani Croze. Humo vioo vilivyovunjika na chupa zilizotupwa hugeuzwa bilauri, taa na madirisha ya rangi. Kioo cha dirisha kikiyeyushwa kikawa bilauri, sura yake ya kwanza imekufa kabisa, lakini hakuna aliyedanganywa. Bilauri haidai kwamba ni ya zama za kale. Yasema waziwazi: nilikuwa takataka, na sasa mimi ni bilauri. Kadhalika mkuki uliofuliwa kwa springi ya gari haudaiwi urudi kuwa springi. Kumbe dhambi haimo katika mabadiliko. Dhambi imo katika kubadilisha na kunyamaza, ili mwingine aamini kwamba hapakuwa na badiliko.

Na hiyo asili tunayotaka kuirudia ni ipi? Ngome ya Fort Jesus huko Mombasa ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Waarabu wa Oman waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu mwaka 1696, nao wakaongeza majengo yao. Waingereza waliigeuza gereza mwaka 1895. Mwaka 1958 ilifanywa kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 1960 milango yake ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mtu akisema, "Irudisheni ngome katika sura yake ya asili," hatuna budi kumwuliza: asili ya nani? Akiikwangua mpaka ibaki ya Wareno peke yao, amewafukuza waliokuja baadaye kutoka katika habari za Mombasa. Kitu kilichoishi sana hakina umri mmoja. Kina zamu nyingi, na kila zamu imeacha alama yake. Mwenye kuchagua moja na kuzifuta nyingine ajue kwamba anahukumu, na hukumu yataka sababu.

Sasa turudi Kajiado, tuingie katika karakana moja ya kubuniwa kando ya barabara ya Namanga, mahali ambapo fundi hutengeneza milango na madirisha ya chuma kwa mji unaokua upesi. Mteja aja na sime kuukuu, urithi wa baba yake. "Fundi," asema, "ing'arishe iwe mpya, nataka kuiuza." Fundi anayo mashine ya kusaga chuma, anayo rangi ya kupuliza, na anao watoto wanaongoja chakula cha jioni. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Mteja mwenyewe ameomba. Je, fundi ana wajibu gani tena?

Wengi watajibu kwamba hana. Mali ni ya mteja, na mwenye mali hana mpinzani. Jibu hili lina nguvu, lakini halitoshi. Mwenye sime anamiliki chuma chake, hilo ni kweli. Lakini yumo mtu wa tatu katika karakana ile, ingawa hajafika: mnunuzi. Tena yumo wa nne, ingawa hajazaliwa: mjukuu atakayeuliza kesho, "Sime hii ilipitia wapi?" Mteja aweza kusamehe haki yake mwenyewe, hawezi kusamehe haki ya watu hao wawili. Zaidi ya hayo, huenda mteja hajui anachoomba. Adhani kwamba kung'arisha kutaongeza thamani, kumbe kutaipunguza. Fundi anayejua na asiseme, akapokea ujira, amemwuzia mteja hasara ya mteja mwenyewe. Neno moja la fundi huyo, "Mzee, kabla sijagusa, sikiliza," lina thamani kuliko mashine yake. Akiisha kusema, mteja akaamua, fundi hana lawama kwa yale aliyomweleza. Na kama mteja ataka rangi mpya iuzwe kwa jina la rangi ya kale, fundi mwaminifu amwambie kwamba mikono yake yafanya kazi, haifanyi hila.

Najua kwamba ushauri huu ni rahisi kwa aliyeshiba. Ujira uliokataliwa haujazi sufuria. Lakini fundi haombwi kukataa kazi. Anaombwa kusema kweli kabla ya kazi. Na kweli yenyewe, mara nyingi, humletea kazi iliyo bora: kusafisha badala ya kusaga, kupaka mafuta badala ya rangi, kutengeneza ala iliyochanika badala ya kufuta alama za mhunzi. Hayo yataka mkono mpole na muda mrefu, na muda wa fundi ni haki yake kulipwa.

Upande wa pili uko mtego mwingine, nao hutega watu wenye moyo mzuri. Ni mtego wa kusema, "Kwa kuwa kugusa ni hatari, tusiguse kabisa." Kutu nyekundu haiwi heshima kwa kuwa ni kuukuu. Ikiachwa, haitunzi historia, huila. Itakula herufi ambazo msasa ungalizila, ila kwa polepole na bila ya ujira. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kumtazama shahidi akifa kwa kiu, na kusema kwamba hukumpa maji usije ukaubadilisha ushahidi wake, si uadilifu. Ni uvivu uliovaa kanzu ya uadilifu.

Kati ya mitego hii miwili iko njia, na waliotutangulia wameipasua. Tumekwisha kuitaja Olorgesailie. Mwaka 1942 Louis na Mary Leakey walikuta huko mashoka ya mawe mengi mno yametapakaa juu ya ardhi. Hawakuyazoa yote na kuyapanga kabatini yakiwa safi. Mengi waliyaacha pale pale yalipolala, na hata leo mgeni hupita juu ya daraja la mbao akayatazama mahali alipoyaacha mwenyewe. Shoka la jiwe likitolewa mahali pake na kung'arishwa lingependeza zaidi, lakini lingesema machache zaidi, kwa sababu wataalamu husoma katika ukingo wake mikwaruzo ya kazi liliyofanya. Baadaye, mwaka 1964, mafundi na wasanifu wa majengo ya kale walikutana Venice, Italia, wakaandika mkataba wenye kanuni mbili ambazo mtoto aweza kuzifahamu: kwamba ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza, na kwamba kilichoongezwa kiweze kutambulikana kuwa kimeongezwa.

Kutokana na hayo yote naona mambo matatu yampasayo kila mtu anayeshika kitu cha kale. La kwanza ni kuuliza: kitu hiki kingali kazini, au kimekwisha kuwa shahidi? Jembe na linolewe, shahidi asikilizwe. La pili ni kutenda machache kadiri iwezekanavyo: zuia kutu inayokula, acha alama zisizodhuru, na usifanye leo ambalo halitaweza kutenguliwa kesho, ila kwa sababu iliyo kubwa. La tatu, nalo ni kubwa kuliko yote, ni kusema ulichotenda. Andika tarehe, andika dawa uliyotumia, andika ulichokikuta na ulichokiondoa. Karatasi ndogo iliyofungwa pamoja na kitu yaweza kukomboa kazi ambayo bila ya karatasi hiyo ingekuwa ghushi.

Vijana wanaosoma kurasa hizi wengi wao hawatashika bastola ya kale, na ni vema. Silaha, ijapokuwa ya hewa, si kitu cha kuchezea. Lakini kila mmoja wao atashika kitu cha kale kilicho kikubwa kuliko bastola. Atashika habari za baba yake na mama yake, na za kijiji chake, na za nchi yake. Atazikuta zina mabaka. Mahali fulani zitang'aa, mahali fulani zitakuwa na kutu, na mahali fulani zitakuwa zimefutika kabisa. Mkono wake utawashwa uchukue msasa na brashi: aondoe jambo la aibu, atie alama ya ushujaa pale palipo patupu, amfanye babu kuwa shujaa na jirani kuwa mwoga. Watu watamshangilia, maana kipya kinyemi. Siku hiyo na akumbuke ile ngao. Mwenye kupenda wazee wake hawapaki rangi wasiyoipata. Huondoa kinachowala, huacha kinachowatambulisha, na palipofutika hupaacha patupu, akiandika kando yake kwa mkono wake mwenyewe kwamba hapa pamefutika.